Georges Méliès: mutu mwenye waliibia mwezi wake

Mutu wa Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie mwenye iko na telefone na mega kidogo anaweza kutazama nyumbani filme moja ya mwaka 1902, yenye jina Le Voyage dans la Lune, ni kusema Safari ya kwenda kwenye mwezi. Inadumu karibu dakika 14. Wazee sita wenye kusoma sana wanaingia ndani ya risasi kubwa ya chuma, muzinga unawatupa juu, na ile risasi inaenda kuchoma mwezi ndani ya jicho. Hakuna wa kulipa. Na mwenye kuitazama, kuikopia ao kuipitisha kwa jirani kwenye flashi haibii mutu, kwa sababu filme hii imekuwa mali ya watu wote.

Picha ya ule mwezi wenye kuumizwa jicho inajulikana dunia nzima. Iko kwenye mashati, kwenye vitabu vya shule, kwenye matangazo. Wengi wanaijua bila kujua jina la mwenye aliitengeneza. Anaitwa Georges Méliès, Mufaransa, na wakati alikuwa muzima ile filme ilimuletea sifa, lakini sehemu kubwa ya feza ilienda kwa wengine. Kazi yake iliibwa, ikachomwa moto, ingine ikageuzwa kuwa vitu vya kushonea viatu. Kama leo watu wanaweza kuitazama bure, ni kwa sababu kuko kopi zenye ziliponyoka.

Mutoto wa kiwanda cha viatu

Georges Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake alianza kama fundi viatu wa kawaida, kisha akafikia kuwa na kiwanda kikubwa. Mama yake alitoka Uholanzi, naye pia alikuwa mutoto wa fundi viatu. Walizaa vijana watatu: Henri, Gaston na Georges. Feza haikukosa nyumbani, na njia ya watoto ilikuwa imekwisha kupangwa: masomo mazuri, kisha kiwanda.

Georges alisoma kwenye Lycée Louis-le-Grand, moja ya shule kubwa za Paris. Vitabu vyake vilijaa michoro. Alitaka kuendelea na masomo ya uchoraji, lakini baba yake hakukubali kulipia kazi ya namna ile. Mwaka 1884 walimutuma London ajifunze Kiingereza na biashara. Kule, jioni, kijana mwenye Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo alizoea kwenda Egyptian Hall, nyumba ya wafanya mazingaombwe. Hapo hakukuwa lazima kujua lugha: mutu anapotea ndani ya sanduku, ndege anatoka kwenye kitambaa, na kila mutu anaelewa. Méliès alirudi Paris na ule ugonjwa ndani ya damu.

Mwaka 1885 alioa Eugénie Génin. Kwenye kiwanda cha baba alipewa kazi ya kuangalia mashini, na hapo alijifunza kufungua chuma, kutengeneza, kufunga. Mwaka 1888 baba alipoacha kazi, Georges aliuzisha fungu lake kwa ndugu zake. Na ile feza akanunua Théâtre Robert-Houdin, kijumba cha mazingaombwe kwenye boulevard des Italiens, katikati ya Paris. Alikuwa na miaka 26. Kila jioni alikuwa pale: anabuni mambo mapya, anachora mapazia, anatengeneza mashini, na yeye mwenyewe anasimama mbele ya watu.

Hakukuwa mutu wa kujifungia kwenye jukwaa tu. Mwaka 1889, wakati Jenerali Boulanger alikuwa anatikisa siasa ya Ufaransa, Méliès alichora katuni za kumucheka ndani ya gazeti moja lenye kuitwa La Griffe, kwa jina la kujificha.

Mashini yenye kukataa kuuzishwa

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Lumière walionyesha sinema yao mbele ya watu wenye kulipa, ndani ya chumba cha chini cha Grand Café, Paris. Méliès alikuwa moja wa wale wenye walialikwa kuona ile mashini. Aliona picha zinatembea, na pale pale akataka kuinunua. Antoine Lumière, baba ya wale ndugu wawili, alikataa.

Méliès hakurudi nyumbani kulala. Mwaka 1896 alienda London, akanunua mashini ya Robert W. Paul. Ile mashini ilikuwa ya kuonyesha picha tu, haikukuwa ya kupiga. Lakini mutoto wa kiwanda aliifungua, akasoma namna inafanya kazi, akaigeuza kuwa kamera. Mwezi wa Aprili 1896 watu wa Théâtre Robert-Houdin walianza kuona filme mwisho wa mazingaombwe.

Vile yeye mwenyewe alisimulia, jambo kubwa lilikuja kwa ajali. Siku moja alikuwa anapiga picha kwenye Place de l'Opéra, na kamera ikakwama. Alipoteza muda kidogo kuitengeneza, akaendelea kupiga. Alipotazama ile filme, akaona basi limegeuka gari la kubeba maiti, na wanaume wamegeuka wanawake. Gari moja ilikuwa imeondoka, ingine imefika pale pale, na kamera haikuona katikati. Kwa mutu wa mazingaombwe, hiyo ilikuwa hazina. Mwaka ule ule alipiga filme ya mwanamuke mwenye kupotea kwenye kiti na kugeuka mifupa. Hakuhitaji tena shimo chini ya jukwaa. Kusimamisha kamera kulitosha.

Mwaka 1897, kwenye shamba la familia huko Montreuil, upande wa mashariki ya Paris, alijenga studio ya vioo, juta na paa, kusudi mwangaza wa jua uingie. Jukwaa lake lilikuwa na vipimo sawa na la Robert-Houdin. Rangi za kweli zilikuwa zinaharibika ndani ya filme za wakati ule, kwa hiyo alichora mapazia yote kwa kijivu, na nguo pia na mafuta ya uso vilikuwa vya kijivu. Alikuwa mwenyewe muandishi, muchoraji, fundi, kiongozi na mwigizaji. Ndani ya Un homme de têtes ya 1898 anajiondoa kichwa, anakiweka juu ya meza, kingine kinaota, anakiondoa tena, mpaka vichwa vyote vinaanza kuimba pamoja. Ndani ya L'Homme à la tête en caoutchouc ya 1901 kichwa chake mwenyewe kinapulizwa kama mupira, mpaka kinapasuka. Hakuna komputa iliyokuwa pale. Alikuwa anarudisha filme nyuma na kupiga mara ya pili na mara ya tatu juu ya picha ile ile, akihesabu kila hatua. Kosa moja, na kazi yote inaanza upya.

Kati ya 1896 na 1913 kompanyi yake, Star Film, ilitoa filme zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa za dakika moja ao mbili.

Safari ya mwezi

Le Voyage dans la Lune ilitoka mwaka 1902. Kwa wakati ule ilikuwa kazi ya ajabu: miezi mitatu hivi ya kutengeneza, na gharama ya karibu franka 10,000, feza nyingi sana kwa filme moja. Méliès alipata mawazo ndani ya vitabu vya Jules Verne na vingine. Yeye mwenyewe anaigiza Profesa Barbenfouillis, kiongozi wa ile safari. Watu wa mwezi, wenye kuruka na kupasuka ndani ya moshi, walikuwa wacheza sarakasi wa Folies Bergère.

Kopi zingine zilipakwa rangi kwa mukono. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier, kila mumoja na brashi yake na rangi yake, picha moja moja, na kuko maelfu ya picha ndani ya filme moja.

Mutu wa Congo mwenye kuitazama leo anaweza kuona ndani yake jambo moja lenye watoto wanaona haraka mbele ya wakubwa. Wale wazee wanafika kwenye inchi ya wengine bila kuitwa. Wenyeji wakitokea, wageni wanawapiga na miavuli. Wanamuangusha mufalme wao. Wanaporudi duniani, wanaleta mwenyeji moja mwenye kukamatwa, wanamuchezesha mbele ya watu, na kiongozi wa safari anajengewa sanamu lenye kukanyaga mwezi. Mwaka 1902 Congo yenyewe ilikuwa bado mali ya Léopold II. Kuko wasomi wenye kusema kama Méliès, yule wa katuni za La Griffe, alikuwa anawacheka wale wenye kushinda. Hakuna lazima ya kuamua. Sanamu iko pale ndani ya filme, na kila mutu anaweza kuiangalia.

Filme ilikuwa bila sauti. Kwenye maonyesho ya wakati ule, mara nyingi mutu alisimama kando na kuwasimulia wengine mambo yenye wanaona, karibu sawa na wale wenye kusema juu ya filme za wageni katika Kiswahili kwenye nyumba za video za leo.

Wezi wa kopi

Biashara ya sinema ilikuwa na kanuni moja rahisi. Mutengenezaji hakukodisha filme, aliuzisha kopi. Wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa maonyesho wenye kuzunguka kwenye masoko na sikukuu, na kila mumoja alitumia kopi yake mpaka iishe. Kwa hiyo, Méliès alikula kwa hesabu ya kopi zenye alitoa yeye mwenyewe. Kama mutu mwengine anatengeneza kopi, ile feza haimufikii.

Na kutengeneza kopi kulikuwa rahisi. Mutu ananunua ao anapata filme moja, anapiga negative mupya kutoka kwayo, kisha anatoa kopi hesabu yenye anataka. Le Voyage dans la Lune ilipovuka bahari, ndivyo ilifanyika. Kompanyi za Marekani, kati yake ile ya Thomas Edison na ile ya Siegmund Lubin wa Philadelphia, ziliuzisha kopi zao wenyewe. Ukumbi ulijaa, watu walicheka, na feza ya Amerika ilibaki Amerika.

Méliès alijaribu kujilinda. Alama ya Star Film, ile nyota, aliipachika ndani ya mapazia yenyewe, kusudi ionekane wakati filme inaonyeshwa. Mwaka 1903 alimutuma yaya yake Gaston kufungua ofisi New York, kuuzisha kopi za kweli na kuandikisha filme kulingana na sheria ya kule. Na tangu hapo alikuwa anapiga na negative mbili kwa mara moja: moja inabaki Paris, ingine inaenda New York. Hakuwaza kama ile negative ya pili siku moja ingekuwa kama mbegu yenye imefichwa ghalani.

Haikukuwa wezi peke yao wenye walimuangusha. Sinema ilikuwa inageuka. Kompanyi kubwa kama Pathé zilikuwa zinatoa filme kila juma, na yeye alibaki fundi mwenye kufanya kila kitu na mikono yake. Mwezi wa Februari 1909 aliongoza mukutano mukubwa wa watengenezaji wa filme, Paris. Hapo walikubaliana kukodisha filme pahali pa kuziuzisha. Hiyo ilifaa kompanyi zenye nguvu, lakini iliumiza watu wa masoko, wale wateja wake wa zamani. Watazamaji nao walianza kuchoka na mapazia ya kuchorwa. Walitaka barabara za kweli, farasi wa kweli, visa virefu.

Moto wa Montreuil

Mwaka 1911 Méliès alikubali feza ya Pathé ili aendelee kupiga. Akaweka rehani nyumba yake na studio ya Montreuil. Filme yake kubwa ya mwisho, À la conquête du pôle ya 1912, iko na jitu la barafu lenye kumeza watu, lenye kusukumwa na wafanyakazi kwa kamba na mashini. Ni kazi ya ajabu. Haikurudisha feza. Wakati ule ule Gaston alikuwa anazunguka bahari ya Pasifiki na Asia kupiga filme, na ile safari ikamaliza feza ya familia.

Mwezi wa Mei 1913 bibi yake Eugénie alikufa. Mwaka 1914 vita vikaanza. Deni la Pathé likasimamishwa kidogo kwa sababu ya vita, lakini halikufutwa. Jeshi lilikamata studio kubwa, ikageuzwa hospitali ya waaskari wenye kuumia. Jeshi lilikamata pia mamia ya filme zake, juu ya kutoa feza nyeupe na plastiki yenye ilikuwa ndani yake. Inasimuliwa kama ile plastiki ilitumiwa kwa visigino vya viatu vya waaskari. Yule mwenye aliuzisha fungu lake la viatu ili anunue ndoto, ndoto zake zilirudi kuwa viatu.

Mwaka 1923 kila kitu kilianguka mara moja. Théâtre Robert-Houdin ilibomolewa kwa kupanua barabara ya boulevard Haussmann. Montreuil ikachukuliwa kwa sababu ya deni. Méliès, mwenye miaka 61, hakukuwa na pahali pa kuweka masanduku ya negative, na hakukuwa na mutu wa kumuuliza. Kwa hasira na uchungu, akazichoma moto yeye mwenyewe. Filme za wakati ule zinawaka vikali sana, karibu kama petroli. Kazi ya karibu miaka 17 ikageuka moshi mbele ya macho yake.

Muzee wa bonboni

Mwaka 1925 alioa Jehanne d'Alcy, mwigizaji mwenye alikuwa ndani ya filme zake za kwanza, ndiye yule mwanamuke mwenye kugeuka mifupa. Jehanne alikuwa na kijiduka kwenye gare ya Montparnasse. Wote wawili waliuzisha pale bonboni na vichezeo vya watoto, kutwa muzima, joto na baridi. Wasafiri walipita, wakanunua gari ndogo ya bati, wakakimbilia treni. Hakuna aliyeuliza muzee anaitwa nani.

Mutu wa kwanza wa kuuliza alikuwa mwandishi wa habari, Léon Druhot, mwenye kuongoza gazeti la sinema. Alimutambua, akaandika. Wengine wakafuata. Mwaka 1929 Jean Mauclaire, mwenye kuongoza sinema ya Studio 28, akapata ndani ya nyumba ya kizamani ya Normandie masanduku ya filme zenye zilikuwa za duka kubwa la Dufayel. Duka lile lilikuwa likionyesha sinema kwa wateja wake, na kopi zake zilisahauliwa tu. Hakuna mwenye alikuwa amezitunza kwa makusudi. Tarehe 16 Desemba 1929, kwenye Salle Pleyel, watu wa Paris waliona filme nane za Méliès, na yeye mwenyewe alikuwa pale, na nguo ya sikukuu.

Mwaka 1931 alipewa nishani ya Légion d'honneur, na mwenye kumuvalisha alikuwa Louis Lumière, mutoto wa yule mwenye alikataa kumuuzishia mashini. Lakini nishani hailipe chakula. Alirudi kwenye kijiduka. Mwaka 1932 tu ndipo chama cha watu wa sinema kilimupatia makao huko Orly, pamoja na Jehanne na mujukuu wake Madeleine, mwenye alikuwa amefiwa na mama yake.

Huko Orly, vijana wawili, Henri Langlois na Georges Franju, walikuwa wanamutembelea. Walikuwa wanakusanya filme za zamani zenye watu walitupa. Walipata kijumba karibu na pale pa kuzifungia, na ufunguo wakamupa Méliès. Ule mukusanyo ukakuwa Cinémathèque française. Mutu mwenye alichoma filme zake akawa mulinzi wa filme za wengine.

Alikufa Paris tarehe 21 Januari 1938, na miaka 76. Kaburi lake liko Père-Lachaise.

Namna filme zilirudi

Nyuma ya kufa kwake, Madeleine Malthête-Méliès, yule mujukuu wa Orly, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta filme za babu. Aliandika barua, alisafiri, aligonga milango ya wenye kukusanya vitu vya kale. Kopi zilitoka pole pole: kwa watu wa masoko, kwa wajukuu wao, kwenye dari za nyumba. Baadhi ya zile negative za New York, mbegu za ghalani, zilikuwa bado nzima. Hata zile kopi za wizi zilisaidia, kwa sababu pale penye kopi ya kweli ilipotea, ya mwizi wakati fulani ilibaki. Leo karibu filme 200 zinajulikana kati ya zaidi ya 500. Zingine zilipotea kabisa.

Kopi ya rangi ya Le Voyage dans la Lune watu waliiwaza imepotea, mpaka mwaka 1993 moja ikatokea kwenye mukusanyo wa filme huko Barcelona, Hispania. Ilikuwa imeshikamana kama kipande cha muti. Mafundi walibandua picha moja moja, zaidi ya 13,000, kazi ya miaka. Mwaka 2011 ilionyeshwa Cannes, na rangi za wale wanawake wa karakana ya Thuillier zikaonekana tena.

Kwa sheria ya Ufaransa, kazi ya mutungaji inalindwa miaka 70 nyuma ya kufa kwake, kwa hiyo ulinzi wa kazi za Méliès uliisha mwisho wa mwaka 2008. Marekani, filme za miaka ile zimekwisha kuwa huru kwa sababu ya umri. Congo, sheria ya haki za watungaji ya tarehe 5 Aprili 1986 inaweka kwa kawaida miaka 50 nyuma ya kufa, na kwa Méliès hiyo miaka imepita zamani.

Kuko jambo moja la kuangalia. Filme yenyewe ni huru, lakini muziki wenye umeongezwa juu yake siku hizi hauko huru kila mara. Ile filme ya rangi ya 2011 iko na muziki wa kikundi cha Ufaransa chenye jina Air, na ule muziki uko na wenyewe. Mwenye kutaka kuionyesha kwenye shule, kwenye parokia ao kwenye nyumba ya video bila wasiwasi anaweza kukamata kopi ya zamani isiyo na sauti, kisha kijana wa mutaa akapiga gita ao ngoma kando, ao mutu akasimulia katika Kiswahili, vile walikuwa wakifanya 1902. Kopi za namna hiyo zinapatikana kwenye Internet Archive na kwenye Wikimedia Commons. Mutu anazipakua mara moja wakati mega ziko, kisha anazitazama hata intaneti ikikatika. Kwa sababu hakuna maneno, mutoto mwenye hajui Kifaransa na koko mwenye hakusoma wanaelewa sawa sawa.

Wale wenye kutunga nyimbo na vichekesho katika miji ya mashariki wanajua vizuri vile inauma kuona kazi ya mwaka muzima inapita kwenye flashi kwa bei ya ndizi, na mutunzi hapati kitu. Méliès aliishi hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hakuna sheria mupya yenye ingeweza kumurudishia zile siku za baridi kwenye gare ya Montparnasse. Filme zake zimekuwa za bure kwa haki, kwa sababu muda wake umepita. Feza ya wakati alikuwa muzima ilikuwa yake, na hakuipata.

Kwa mwenye kutaka kuanza, Un homme de têtes inadumu karibu dakika moja tu. Haimalize mega. Mwanaume mwenye ndevu anaingia, anasalimia watu, na anajiondoa kichwa. Ni yeye mwenyewe.